Kisima cha Ng'ambo ya Kakesio

Wanaume wa hapa Karatu wanakaa kutwa nzima wakicheza bao nyuma ya machinjio na hakuna anayewauliza wamerogwa na nani. Vijana wanakodolea simu mpaka macho yanakuwa mekundu, na hao tunaambiwa ndio wa kisasa. Lakini mimi, bibi wa wajukuu sita, nikikaa siku ya mnada na wazee wenzangu wawili tukatungiana uongo wa kistaarabu, wenye sheria zake, basi nimerudia utoto. Nimeambiwa hivyo kanisani. Nimeambiwa hivyo na binti yangu niliyemzaa mwenyewe. Na tangu yale ya kiangazi kilichopita, ndiyo kabisa, kila mwenye mdomo ana la kusema. Sasa na mimi nasema langu, tena kwa maandishi, maana ukisema kwa mdomo hapa mjini watu wanakukatiza.

Kuandika kwenyewe nilikupata kwa shida. Wazazi wangu walitoka Singida kuja kuchuma kahawa Oldeani. Nikasoma mpaka darasa la tatu, msimu wa kahawa ukafika, nikaambiwa mikono midogo ndiyo inayofaa matawi ya chini. Nikaenda kwa msimu mmoja. Msimu huo ulinichukua miaka ishirini. Siku hizi shamba lile lina hoteli katikati, na wageni wanapelekwa kuchuma kahawa kwa dakika kumi wapigwe picha. Nyie! Kazi iliyompinda mama yangu mgongo, mtu anapanda ndege kuja kuichezea, kisha ananawa mikono anakwenda kula. Sikukaa niandike habari za hoteli, lakini mtaona kwamba sijatoka nje ya njia sana.

Mimi nauza makoti ya mitumba. Hapa kwetu baridi haina utani, ukungu ukishuka kutoka mlimani hata saa nne asubuhi mtu anatoa moshi mdomoni, kwa hiyo koti haliachi kuuzika. Siku za mnada natandika turubai langu upande wa mbuzi, na charahani yangu naiweka hapo hapo, maana koti la mtumba lazima lifanyiwe kazi. Kola ikichakaa unaifumua unaigeuza, ule upande uliokuwa umejificha unakuja juu, koti linakuwa jipya. Bitana ikichanika unaweka nyingine. Najua ndani ya koti kuliko ninavyojua nje yake. Ndiyo maana mchezo wetu ulizaliwa kwenye turubai langu na haukuzaliwa kwa mtu mwingine.

Mwenzangu wa kwanza ni mzee wa Kimasai kutoka Olbalbal, huko chini tambarare, nyuma ya kreta, lile shimo la volkano ya zamani. Alikuwa analeta mbuzi kila mnada. Siku hiyo, yapata miaka sita sasa, mvua ilikuwa inanyesha Karatu bila kukoma, na kwao hata tone. Wateja hakuna. Akaja kujaribu koti, la sufu, la kijivu, lenye bitana nyekundu.

"Takwenya, dada."

"Iko," nikaitikia kwa Kimasai chao. "Habari za Olbalbal?"

Akanipa. Sasa asiyejua Wamasai nimweleze. Wao hawasemi nzuri, na zako, wakapita. Mmoja anatoa habari zote tangu alipotoka kwake: majani, maji, nani anaumwa, ng'ombe gani amezaa. Mwenzake anaitikia "ee" kila pumzi inapokatika. Akimaliza, zamu inageuka. Wanaita kula habari. Na habari uliyokula unaibeba. Mtu wa kwanza utakayemkuta njiani unampa vile vile, hupunguzi, huongezi. Ndivyo nchi kavu kama ile inavyojua mvua imenyesha wapi. Mimi nimekaa nao mnadani miaka mingi, nimejifunza kuitikia.

Basi siku ile nilikula habari mpaka nikashiba vibaya. Ndama amekufa. Bwawa limebaki tope. Mtoto wa jirani ametembea na ng'ombe siku mbili kutafuta maji na hakuyapata. Ee. Ee. Ee. Mwishowe nikachoka.

"Mzee wangu, huna nyingine?"

"Nyingine ipi?"

"Yenye maji ndani."

"Haipo."

"Tunga."

Alinitazama kama nimemwambia avue nguo mbele ya mnada. "Habari haitungwi, dada. Unataka nikulishe sumu?"

Hapo ndipo wazo likanijia, sijui kutoka wapi. Nikamvua lile koti, nikaligeuza ndani nje, nikamvisha tena. Bitana nyekundu juu, mifuko inaning'inia pembeni kama masikio ya mbuzi. Nikamwambia, "Sasa siyo wewe unayesema. Koti ndilo linasema."

Akajitazama, akacheka mpaka akashika goti. Kisha akafikiri. Akasema, "Koti limetoka kwa mzee mmoja tajiri sana."

"Ee. Wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi? Uongo usio na mahali haukai."

"Wewe sema."

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema: "Weka ng'ambo ya Kakesio." Sijawahi kufika Kakesio. Nilijua tu ni mbali, ni kwa wafugaji, barabara ikishafika huko haiendi tena. Niliona kwamba nyuma ya hapo mtu anaweza kuweka chochote na asimguse mtu. Hilo ndilo kosa langu, nimelisema mapema ili msije mkasema nimelificha.

Tukaendelea mnada baada ya mnada. Sheria zikaja zenyewe, kila moja imetokana na ugomvi. Anayesema lazima koti liwe ndani nje. Akilirudisha sawa, anayoyasema ni ya kweli. Msikilizaji aitikie "ee". Akicheka, zamu yake imekwenda. Jina la mtu aliye hai halitajwi. Na kubwa kuliko zote, lililokwishasemwa limetokea. Hulifuti. Ukisema mke wa pili wa yule mzee ni kiziwi, basi ni kiziwi milele, tafuta namna ya kuishi naye.

Mwenzangu wa tatu ni mwenye duka la chumvi na mashuka, Muislamu, wazee wake walitoka Kondoa. Alikuwa anatuona kutoka dukani kwake tumegeuza makoti kama vichaa. Siku moja baada ya swala ya adhuhuri akaja akasimama na mikono nyuma.

"Bi mkubwa, hii ni dini gani?"

"Ni mchezo. Vaa koti."

"Unanilipisha?"

"Nakuazima."

Akavaa. Kumbe alikuwa na uongo umejaa kifuani miaka yote anapima chumvi! Ila alikuwa na masharti yake: kwenye koti hakubali kuapa. Ukimwambia, "Kweli?" anajibu, "Hapa siapi, koti hili lina moto." Na watu wake wote aliotunga walipenda kusafiri. Tukimwachia zamu tu, yule mzee wa ng'ambo ya Kakesio keshafika Tanga, ananunua nazi. Mmasai anauliza, "Nazi inaliwa na ng'ombe?"

Miaka sita. Hebu fikirini. Mzee yule tuliyemtunga alikuwa na wake watatu, wajukuu wasiohesabika, na dume jeupe la ng'ombe, lenye sikio moja, lile jingine lililiwa na fisi. Mwaka mmoja alikosana na kaka yake kwa ajili ya asali na hawakusemeshana minada tisa. Mimi nilitunga harusi ya binti yake, nikashona hata koti la bwana harusi, koti lenyewe nilikuwa nalo pale turubaini, nikakataa kuliuza. Nikiamka asubuhi nachambua mchele, nafikiri, leo mke kiziwi atajuaje mvua imeanza? Mtu mzima anahitaji mahali pa kwenda ambapo hakuna anayemwamrisha. Wengine wanakwenda kilabuni, na huko wanapigana mapanga mpaka wanapoteza vidole.

Kisima kilikuwa kazi ya Mmasai. Mwaka juzi ukame ulipoanza, alikaa akasema, "Yule mzee ameanza kuchimba." Mwenye duka akataka maji siku hiyo hiyo. Mmasai akakataa. "Maji hayaji hivyo." Alichimba minada minne. Mnada wa kwanza mwamba. Wa pili mwamba na nyoka. Wa tatu udongo mweupe, baridi, akatuonyesha kwa vidole namna ulivyokuwa unashikana. Na kumbuka ng'ombe wake wa kweli wakati huo walikuwa wanatembea na ulimi nje. Mnada wa nne akasema, taratibu, "Yamekuja." Akatuambia yanavyosikika chini kabla hayajaonekana. Akasema mzee yule hakufunga kisima, alisema ng'ombe wa mtu yeyote wanywe. Mwenye duka alifuta macho kwa kofia yake. Mimi nikacheka, sijui kwa nini, nikapoteza zamu.

Sasa tumfikie mkwe wangu.

Ameoa binti yangu wa pekee. Ni dereva wa watalii, anawapeleka kreta na kwingineko. Simsemi kwamba ni mtu mbaya. Nasema ni mtu asiyeona kitu bila kutaka kukiuza. Kwetu mama mkwe hakai kiti kimoja na mkwewe, hamtazami usoni, wala hali naye sahani moja, na kwa sababu hiyo nimemheshimu miaka yote hii, hata pale nilipotaka kumtandika. Siku moja alinikuta mnadani, akasimama mbali kwa adabu, akatusikiliza mpaka mwisho. Akacheka mahali penyewe pa kucheka. Jioni akamtuma binti yangu aniombe nimfundishe. Nikajisikia! Nawaambia ukweli, nilivimba kichwa. Miaka sita natukanwa, leo kijana mwenye Kiingereza anataka kujifunza kwangu. Nikamfundisha kwa kupitia kwa mke wake, mimi nasema nikiwa sebuleni, yeye yuko kibarazani. Nikampa mzee wa ng'ambo ya Kakesio, wake zake, dume jeupe, kisima. Nikampa na sheria. Koti ndani nje. Nilirudia mara tatu.

Halafu kiangazi kikafika, kile kikali. Mmasai hakuja mnadani. Mnada wa pili hakuja. Wa tatu, mwenye duka akaniambia, "Labda anaumwa." Nikakaa na hilo koti la kijivu mkononi, nimelihifadhi miaka yote, silipangi na mengine.

Mnada wa nne akaja mtu mwingine. Mrefu, kijana kuliko yule, lakini uso ule ule. Hakunisalimia. Mmasai kukaa bila kukusalimia, ujue kuna jambo.

"Wewe ndiye mama wa makoti?"

"Ndiye. Karibu, baba."

"Kisima chako kiko wapi?"

Sikuelewa. Nikasema, "Kisima gani?"

"Kile cha ng'ambo ya Kakesio. Cha mzee mwenye dume la sikio moja. Nimekwenda na ng'ombe wangu siku tatu. Nimefika. Nimeuliza watu wa Kakesio, wamenicheka. Ndama tisa wamelala njiani, na ng'ombe wawili wa maziwa. Sasa nimekuja kwako unionyeshe. Labda nilipita pembeni."

Mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yangu, nikasikia anasema, "Inna lillahi."

 Yule alikuwa mdogo wake mwenzetu, baba mmoja mama mmoja. Akanieleza, amesimama, bila kupandisha sauti, na heri angepiga kelele. Gari la watalii lilisimama karibu na Olbalbal. Dereva akawaita wachungaji watatu, akawapa habari kwa namna ya Kimasai, wageni wakiwa wameshika simu zao wanarekodi. Habari ilikuwa na kisima. Wachungaji waliitikia ee, ee, kama walivyolelewa. Wakaibeba. Wakampa wa kwanza waliyemkuta, naye akampa mwingine, na ilipofika kwa huyu mdogo mtu ilikuwa imeshapita midomo mitano na hakuna hata mmoja aliyeongeza neno. Aliporudi bila ndama, watu wakaifuata habari ile nyuma, mdomo kwa mdomo, mpaka kwa dereva. Na dereva akasema, "Mimi nimeipata kwa mzee wenu, kisima kakichimba yeye."

"Na ni kweli," yule mtu akasema. "Kaka yangu ameulizwa mbele ya rika lake, kama maneno yale ni yake. Akasema ni yake. Akajaribu kueleza habari za koti. Nani anaelewa habari za koti? Sasa akisema, watu wananyamaza."

"Wananyamaza vipi?"

"Hawaitikii. Akisema mvua, kimya. Akisema mbuzi amepotea, kimya. Juzi alisema mjukuu wake ana homa. Kimya."

Mtu ambaye hakuna anayekula habari yake, huko, ni kama amezikwa ila bado anakunywa chai. Nikalia kwa hasira. Nasema kwa hasira, siyo kwa huruma, huruma ilikuja baadaye.

Nilikwenda kwa mkwe wangu mchana ule ule, na turubai nikaliacha na makoti juu yake. Sikupitia kwa binti yangu kama siku zote. Niliingia sebuleni, nikakaa kiti kinachomtazama, nikamwangalia usoni. Mara ya kwanza tangu harusi. Alisimama ghafla, akatafuta mlango.

"Kaa."

"Mama, shikamoo…"

"Sijaja kuamkiwa. Uligeuza koti?"

"Koti lipi, mama?"

"Siku ile, Olbalbal, mbele ya wageni wako. Uligeuza koti?"

Akatazama chini. Alikuwa amelivaa, lile la kazini, la kijani, lina nembo ya kampuni kifuani na nyingine mgongoni. "Mama, hili haligeuzwi. Bosi anataka nembo ionekane kwenye kila picha. Nikiligeuza naonekana mhuni."

"Kwa hiyo uliwapa uongo na koti likiwa sawa."

"Nilidhani wanajua ni mchezo! Wageni walifurahi sana, mama. Walitaka kitu halisi, cha wenyeji. Na kile kisima ndicho kizuri kuliko vyote. Ni mchezo tu."

Ni mchezo tu! Kanisani wakisema hivyo navumilia. Binti yangu akisema nagombana naye yanaisha. Lakini huyu nilimpa mimi. Nilimwambia kwamba mchezo ukiwa na sheria si mchezo tu, kwamba lile koti, ile bitana, ndiyo iliyomwezesha mwanamume mzima wa Kimasai kufungua mdomo akatunga maji bila kujidharau, na yeye ameichana akatupa. Nilimwambia maneno mengine pia ambayo mama mkwe hasemi. Binti yangu alikuwa mlangoni ameshika sufuria, hajui aliweke wapi.

"Kesho unanipeleka Olbalbal," nikasema. "Na nitakaa kiti cha mbele."

Alinipeleka. Njia nzima, kutoka geti la hifadhi mpaka juu kwenye ukungu wa kreta na kushuka tena kwenye lile jua la upande wa pili, hatukuongea zaidi ya mara mbili. Mara moja akaniuliza kama nasikia kizunguzungu. Mara ya pili akasema, "Mama, wakinidai ng'ombe?"

"Utalipa ng'ombe."

"Na utanitetea?"

"Sijaja kwa ajili yako."

Watu tuliwakuta kwenye josho, mahali wanapoogeshea mifugo, maana yule mdogo mtu alikuwa amewaita. Wanaume kama ishirini wamekaa ukutani, kwenye zege, fimbo magotini. Mwenzetu alikuwa peke yake upande wa lango. Amekonda. Shuka yake tu, hana koti. Nilimsalimu, akaitikia kwa kichwa, hakutoa sauti. Nikaelewa kwamba ameshazoea kutotoa.

Mmoja wao, mkubwa kuliko wote, akasema kwa Kiswahili, "Mama, mwanamke hatoi habari hapa."

"Basi nani atoe? Huyu mmemfunga mdomo. Huyu wangu," nikamwonyesha mkwe wangu aliyekuwa amejificha karibu na gari, "ndiye aliyeharibu. Nimebaki mimi."

Wakateta kwa Kimasai. Mmoja akacheka, akasema kitu, nikasikia neno "makoti". Nikamwambia, "Cheka, lakini hilo ulilovaa nililishona mimi, na mfuko wa ndani ulikuwa umetoboka ulipokuja unalia." Wakacheka wote, yeye akashika mfuko. Yule mkubwa akanyoosha fimbo. "Sema."

Nilikuwa nimevaa koti langu sawasawa, nimelifunga vifungo vyote hadi shingoni. Nikaanza pale inapostahili kuanza, nilipotoka kwangu asubuhi. Kimya. Nikasema habari za mvua ile ya miaka sita iliyopita, habari za koti la kijivu. Kimya. Hamjui ni kazi gani kusema kwa watu waliozoea kuitikia halafu hawaitikii. Maneno yanaanguka miguuni pako. Ningekuwa mtu mwingine ningekatiza. Lakini mimi nilikuwa nimekasirika, na hasira ina miguu.

Kisha nikafika mahali pagumu. Ili waelewe kwamba mwenzao hakusema uongo, ilibidi niseme kwamba yule mzee hayupo. Niliona hivyo palepale, nikiwa nimeshafungua mdomo. Miaka sita hatujawahi kusema hivyo, hata kwa utani, hata tukiwa tumevaa makoti sawa. Lililosemwa limetokea. Na sasa mimi, niliyemweka kule, nilitakiwa nimtoe. Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa anatazama ardhi. Alijua kabla yangu.

Nikasema. "Mzee wa ng'ambo ya Kakesio hayupo. Hakuwahi kuwepo. Dume jeupe halipo. Wake zake hawapo, wala yule kiziwi. Kisima hakuna. Tumevitunga watu watatu, kwenye turubai langu, tukiwa tumegeuza makoti ili kila anayepita aone kwamba ni uongo. Mahali pale nilipachagua mimi. Mzee huyu hajawahi kusema neno moja la uongo na koti likiwa sawa. Aliyelisema na koti likiwa sawa ni mkwe wangu, nami ndiye niliyemfundisha."

Upepo tu. Mbuzi mmoja alikuwa anakohoa kwa ile dawa ya josho. Kisha yule mzee mkubwa akasema, "Ee."

Wakafuata wengine, mmoja mmoja. Yule mdogo mtu alikuwa wa mwisho. Alichelewa sana, alikuwa na haki ya kuchelewa. Akasema, "Ee," na papo hapo akageuka akamwuliza mkwe wangu, "Wewe, ng'ombe wangu?" Mkwe wangu akasema atalipa, na akaulizwa lini, na hayo yalichukua muda mrefu ambao sina haja ya kuuandika. Alilipa. Bado analipa.

Walipomaliza, yule mkubwa akamgeukia mwenzetu, akamwambia kwa Kiswahili, nafikiri kwa ajili yangu, "Toa habari."

Alisimama akiegemea fimbo. Alikuwa kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Akasema, "Nimetoka kwangu asubuhi."

"Ee," wote.

"Mjukuu wangu homa imeshuka."

"Ee."

"Mbuzi wangu aliyepotea ameonekana, ameliwa nusu."

"Ee."

Nikawa naitikia nao. Sikuweza kujizuia, nilikuwa na furaha ya kijinga, nilisahau hata mkwe wangu. Nikawaza, mnada ujao nitamletea koti lake, nitamwambia tuanze upya mahali pengine, mahali ambapo hakuna mtu yeyote anayeweza kufika na ng'ombe, chini ya bahari, mwezini, mwenye duka atafurahi.

Akanitazama sasa, usoni.

"Dada yangu amekuja kutoka Karatu. Amesema kweli."

"Ee."

"Mzee wa ng'ambo ya Kakesio nilimpenda. Amekufa leo."

Wakatazamana, hawakujua waitikie vipi. Kisha wakaitikia.

"Mimi sitavaa koti tena. Mbuzi wangu atawapeleka mdogo wangu. Mnadani sirudi."

"Ee," wote wakasema.

Akasubiri. Nilielewa anamsubiri nani. Habari haijaliwa mpaka kila aliyekuwepo aitikie, na mimi ndiye niliyepanda gari mpaka kule kuwalazimisha watu wamwitikie mtu huyu kila anachosema. Nikamtazama mkwe wangu na ile nembo yake kifuani, nikatamani kuing'oa pamoja na ngozi.

Nikasema, "Ee."